Mlinzi wa Kopo

Kwetu Tarime mtu akificha kitu porini huwa ana sababu, na sababu yenyewe huwa haisemwi mbele ya mtendaji wa kijiji. Anaficha gongo. Anaficha sukari iliyovuka Sirari usiku bila kuwaaga watu wa forodha. Anaficha ng'ombe ambaye jana alikuwa wa mtu mwingine. Akiwa wa upande wa Nyamongo anaficha mawe, na usimuulize ni mawe gani. Haya yote nayaelewa. Sikubaliani nayo, lakini nayaelewa. Nisichokielewa mpaka leo ni mtu mzima, mwenye ajira na bima ya afya, kutoka Hamburg kwa ndege na mabasi ili aje kuficha penseli.

Mtu huyo ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo siwezi kumkana. Alikuja likizo na begi kubwa, sisi tukadhani lina zawadi. Usiku wa kwanza, tumeshakula ugali na kuku aliyechinjwa kwa heshima yake, akatoa simu na kuniambia, "Mjomba, nimekuja na kazi moja."

Kazi yenyewe ni mchezo. Unaitwa jiokeshingi. Unachukua chombo kisichopitisha maji, unatia daftari, unakwenda kukificha chini ya jiwe au kwenye shimo la mti, unapima latitudo na longitudo, halafu unavitangaza vipimo hivyo kwenye programu. Mtu usiyemjua, kutoka popote duniani, anakuja na simu yake kukitafuta. Akikipata anasaini daftari, anakirudisha palepale kilipokuwa, anakwenda zake.

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea.

"Halafu anapata nini?" nikamuuliza.

"Anapata raha ya kukipata, mjomba."

Mke wangu akaanza kuondoa vyombo mezani.

Chanzo cha balaa hili, alinieleza, ni Marekani mwaka 2000. Hadi hapo serikali yao ilikuwa inayachafua kwa makusudi mawimbi ya satelaiti za GPS ili raia asipate vipimo safi kama vya jeshi. Mwananchi akipima alipo aliweza kukosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo Rais Bill Clinton akaamuru uchafuzi ule uzimwe. Tarehe 3 Mei, hata wino wa amri haujakauka, jamaa mmoja wa jimbo la Oregon aitwaye Dave Ulmer akabeba ndoo nyeusi ya plastiki mpaka msituni karibu na Beavercreek, akaifukia nusu, ndani akiwa ameweka vitabu, hela kidogo, manati na kopo la maharage. Kisha akatangaza vipimo vyake watu wakaitafute, nao wakaitafuta. Serikali imewafungulia wananchi satelaiti zinazozunguka zaidi ya kilomita 20,000 angani, na kitu cha kwanza mwananchi anachokifikiria ni kuficha maharage! Leo vyombo vya namna hiyo vimepita milioni 3 duniani. Mwaka 2008 kimoja kilipelekwa hadi kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, ambako nadhani hakuna majani ya kukifichia.

"Lakini ona hapa kwetu," akasema mpwa wangu, akinisogezea ramani kwenye simu. Kulikuwa kweupe. "Kutoka hapa mpaka Mugumu hakuna hata kimoja." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma upungufu wa zahanati.

Ningeweza kuvumilia mpaka hapo. Kilichonishinda ni sharti lake. Yeye hakutaka kuficha kopo popote tu. Alitaka mahali penye mandhari ya volkano. Wenzake wa Hamburg, wakisikia Tanzania, wanafikiria mlima unaofuka moshi, na yeye hakutaka kuwaangusha.

Nikamweleza polepole, maana nilifundisha historia na jiografia mpaka nikastaafu, kwamba volkano yetu iliyo hai ni Ol Doinyo Lengai, na ninaposema yetu nazungumzia taifa. Iko wilaya ya Ngorongoro, karibu na Ziwa Natron, zaidi ya kilomita 200 kutoka Tarime mjini hata kama wewe ni kunguru. Mara ya karibuni ilipochachamaa kweli ilikuwa 2007 na 2008, na matetemeko yaliyotangulia, ya Julai 2007, yaliwatoa watu maofisini mpaka Nairobi. Ni mlima wa peke yake: hakuna volkano nyingine hai duniani inayotapika lava ya magadi kama ile, nyeusi na nyepesi, yenye joto la nyuzi 500 na ushee tu, nusu ya lava za wenzake, ambayo ikishapoa na kunywa unyevu hugeuka nyeupe. Majivu ya milima ya kule, Lengai ikiwamo, yamepeperushwa na upepo kwa maelfu ya miaka yakatandikwa kwenye mbuga za kusini mwa Serengeti. Ndiyo maana nyasi za kule ni fupi na zina madini, na ndiyo maana nyumbu huenda kuzalia kule mwanzoni mwa mwaka. Nyumbu anajua jiografia kuliko wanafunzi wangu wengi. Lakini kuiona Lengai ukiwa umekaa Tarime, hapana.

"Basi twende Serengeti," akasema. "Tuliweke hifadhini."

Nikainuka kwenye kiti. Watu wa Mara tumekaa na hifadhi ile maisha yetu yote. Tembo wake wanakuja kula mashamba ya watu wa wilaya ya Serengeti bila kiingilio, lakini wewe mwananchi ukiingia kule unashuka kwenye gari pale unapoambiwa ushuke na unaondoka na kila ulichokuja nacho. Kopo lenye penseli, kwa macho ya askari wa hifadhi, ni takataka yenye maelezo marefu. Na nilivyomwona anaangalia chini nikajua hata yeye alilijua hilo. Akakiri kwamba kwa maeneo ya namna ile wachezaji wana aina nyingine, iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa kushirikiana na chama cha wanajiolojia wa Marekani, isiyo na chombo kabisa. Unafika mahali, unatazama miamba, unajibu maswali, unatuma majibu kwa aliyetunga.

Yaani mtihani. Nimesimamia mitihani ya jiografia miaka mingi na sijawahi kumwona mtahiniwa aliyelipa kiingilio cha hifadhi ili afanye mtihani.

Isitoshe, njia yenyewe naijua. Basi la Musoma kwenda Arusha hupita katikati ya hifadhi, na kuanzia geti la Ikoma linakutikisa mpaka meno yanabadilishana nafasi. Pale Naabi, linaposimama kwa ajili ya vibali, kuna kilima cha mawe chenye njia ya kupandia, na ukifika juu unaziona nyanda za juu za Ngorongoro na mlima Makarot wenye zaidi ya mita 3,000. Makarot ni volkano, lakini iliyokwisha kufa zamani. Lengai iko mbele zaidi mashariki, karibu kilomita 100 kutoka pale Naabi. Kwa hiyo ungekula vumbi la siku nzima ili ukaone maiti.

Kijana alilala na simu yake. Asubuhi akaja kwenye chai anang'aa.

"Mjomba, volkano ipo karibu. Ila iko Kenya."

Na ni kweli, nikaangalia vitabu vyangu. Milima ya Gwasi kule Homa Bay, ng'ambo ya Migori, kando ya ziwa, ni masalia ya volkano kubwa ya kale iitwayo Kisingiri. Majivu yake ndiyo yaliyofukia na kuhifadhi viumbe vya Kisiwa cha Rusinga, pamoja na yule nyani wa kale aliyepewa jina la Proconsul, ambaye fuvu lake lilipatikana na Mary Leakey mwaka 1948. Mambo makubwa. Nikamuuliza kama inawaka. Haiwaki. Ilizimika lini? Mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ya binadamu kuwako.

"Mura," nikamwambia, "hiyo si volkano, hiyo ni marehemu."

Lakini alikuwa ameshaamua: kopo likae juu ya mlima wa kijijini kwetu, penye kuitazama Gwasi kwa mbali. Na mimi, nikiwaza vizuri, sikushangaa sana. Ukisogea Sirari simu yako inakukaribisha Kenya kabla hujavuka barabara. Kama mtandao wa simu tunaazima, kwa nini tusiazime na volkano.

Likaja suala la chombo. Lile begi tulilodhani lina zawadi, lilikuwa na sanduku la chuma, la kijani, la kuwekea risasi za jeshi. Ndiyo, risasi. Alisema wachezaji wa Ulaya na Marekani wanayapenda kwa sababu hayaingizi maji, na huyanunua kwenye maduka ya vitu vikuukuu vya jeshi. Nilifunga mlango kwanza ndipo nikaongea. Nikamkumbusha kwamba wenzetu wana mikoa ya kipolisi ya kawaida, ila sisi na Rorya tumepewa Kanda Maalum ya Kipolisi, ya kwetu wenyewe, kwa jinsi tunavyojulikana. Sasa katika kanda hiyo maalum, juu ya mlima unaotazama mpaka, wewe ukafiche sanduku la risasi chini ya jiwe, na juu yake ubandike karatasi ya Kiingereza inayosema huu ni mchezo?

Sanduku lile liko jikoni hadi leo. Mke wangu anawekea vitunguu.

Tukachukua kopo la Blue Band lililokuwa na misumari yangu. Hapo nako akaleta sheria: vyombo vya chakula havifai, vinaita wanyama kwa harufu. Nikamwambia kopo hilo limekaa na misumari tangu mama yake anasoma. Mnyama atakayeijia harufu ile ni fundi seremala.

Sheria nyingine ya mchezo ni ruhusa ya mwenye eneo. Hii niliipenda, maana ndiyo sheria pekee iliyoonyesha kwamba walioutunga waliwahi kuishi kijijini. Tukaenda kwa mtendaji. Kijiji sikitaji, bado nakaa huko.

"Ndani kutakuwa na nini?" akauliza mtendaji, kopo likiwa mezani kwake.

"Daftari na penseli," akajibu mpwa wangu.

"Na nini kingine?"

"Ni hivyo tu, mheshimiwa. Labda na vitu vidogovidogo vya kubadilishana. Mtu akichukua kimoja anaacha kingine cha thamani ileile."

Mtendaji akalifungua, akalinusa, akalifunga. "Kwa hiyo mgeni atatoka Ulaya, atapanda mlima ule, ataandika jina na tarehe na mahali anapotoka, halafu atashuka."

"Ndiyo."

"Hicho si kitabu cha wageni?"

Kimya.

"Maana mimi ninacho hapa." Akakivuta kutoka chini ya faili, kile kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kimepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, anakotoka, madhumuni, sahihi. "Kipo mezani, kwenye kivuli, na hakuna aliyewahi kutoka Ulaya kuja kukisaini. Hata wa wilayani nawasaini mwenyewe kwa niaba. Kwa nini wasije hapa?"

Mpwa wangu akaanza kueleza kuhusu msisimko wa kutafuta. Mtendaji akamwambia basi yuko tayari kukificha kile kitabu nyuma ya kabati, wageni wakitafute humohumo ofisini.

Mwishoni tulipata ruhusa. Tunayo barua, ina kumbukumbu namba na mhuri wa bluu, na kichwa chake kinasema YAH: KUTAMBULISHA KOPO. Nakala imekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna kopo lenye hadhi kama lile katika ukanda huu wa ziwa.

Siku ya kupanda, mimi nilipendekeza njia ya ng'ombe, ambayo inazunguka lakini inafika. Mpwa wangu akafuata mshale wa simu, na mshale haujui uzio. Ulitupeleka nyuma ya choo cha watu, ukatuvusha kijito pasipo na daraja, kisha ukatuingiza katikati ya mihogo ya mama mmoja ambaye alitokea na jembe begani akasimama kututazama.

"Shikamoo mama," akasema mpwa wangu.

"Marahaba. Mnatafuta nini kwenye mihogo yangu?"

"Tunafuata satelaiti."

Yule mama akatazama juu, akatazama mihogo iliyokanyagwa, akanigeukia mimi. "Mwalimu, na wewe pia?"

Sina la kuongeza kuhusu hilo.

Mchezo una vipimo vya ugumu wa njia, kuanzia 1 mpaka 5. Moja ni pale hata mtu wa kiti cha magurudumu anafika. Tano ni pale huwezi kufika bila vifaa maalum. Mlima ule kijana aliupa 2. Nilikuwa nimeketi kwenye jiwe nikisikiliza mapigo ya moyo wangu wakati anaandika hiyo 2. Nikamuuliza mkongojo si kifaa maalum? Akacheka, akaacha 2 vilevile. Kwa hiyo mzee mwenzangu wa Uholanzi ukija kwa kuamini namba ile, ujue ni ya kijana wa mazoezi ambaye bado hajajua kwamba ana magoti.

Juu kuna mawe makubwa, upepo, na watoto wachunga ng'ombe. Mchezo unataka uwe unaficha bila kuonwa na watu. Tarime! Mahali ambapo ukijikuna kichakani saa saba mchana, jioni mkeo anaulizwa kama umepata dawa. Watoto wale walikaa kwa mstari juu ya jiwe, wakatutazama mwanzo hadi mwisho, na mpwa wangu alipotaka kulificha kopo kwenye ufa mmoja wakamshauri kwa ukarimu kwamba ufa ule huingia maji, autumie ule wa kushoto.

Kuhusu mandhari: kaskazini kulikuwa na kitu cha bluu, mbali, chini ya anga. Mpwa wangu akasema ni Gwasi. Akalinganisha na dira ya simu, akapiga picha nyingi. Mimi niliona wingu. Mtoto mkubwa wa wale wachungaji, aliyekuwa akitafuna jani, akasema hiyo ni mvua ya Migori na inakuja huku. Tulibishana kwa hoja, mmoja na satelaiti, mmoja na miwani, mmoja na jani. Baada ya muda mvua ikatukuta pale mlimani na kutulowesha wote watatu na ng'ombe.

Tukiwa tumejibanza mvua ipite, kijana akaokota jiwe la kijivu akaligonga kwa jingine, likalia. Akaniambia kwamba sehemu ya nyanda hizi za juu za Tarime imefunikwa na lava ya kale, iliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita ikaganda, na mawe yake ni magumu na yana mlio hivyo. Nikamtazama. Tumeshinda siku zote hizi tunatafuta dirisha la kuichungulia volkano ya jirani, kumbe volkano tumeikalia. Miaka yote nimevunja mipini ya majembe kwenye lava, na hakuna aliyewahi kuniweka kwenye programu yoyote.

Usiku wa kuamkia safari yake ndipo akaniletea lile la mwisho, akiwa anakunja nguo ili asinitazame usoni. Mchezo haumruhusu msafiri kuficha chombo halafu akaondoka. Lazima awepo mwenyeji wa kukitunza: kuangalia kama kipo, kukausha daftari likilowa, kuweka jipya likijaa, kuondoa takataka. Bila mtunzaji, wahakiki wao, ambao ni watu wa kujitolea, hawakipitishi.

"Nimeandika jina lako, mjomba."

Mimi nilidhani kustaafu ualimu ni kustaafu madaftari. Sina mshahara wa kazi hii, sina posho ya nauli, sina koti la mvua. Mlinzi wa shule ana rungu. Mimi nina barua inayotambulisha kopo.

Akaondoka. Na haikupita muda, maneno yakaanza sokoni. Kijana ametoka Ujerumani. Ana simu yenye ramani. Ameonekana kwa macho ya watoto akiwa amelala kifudifudi mlimani, mkono mpaka begani chini ya jiwe. Kwa watu wetu habari hiyo haihitaji mchambuzi. Kila mtu anajua kwamba Mjerumani aliposhindwa vita ile ya 1914 hadi 1918 alizika mali zake kila mahali, na kwamba siku moja wajukuu wake watarudi na ramani. Popote penye gofu la Mjerumani pana hadithi hiyo, kama pale Fort Ikoma upande wa Robanda. Sasa hapa mjukuu karudi, tena kwa hila, kavaa sura ya mpwa wa Mwalimu.

Nilijaribu kuwaelimisha. Nikawaambia fedha ya dhahabu ya Mjerumani ninayoifahamu ni ile ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 vita vikiwa vimewabana, kwa dhahabu ya Sekenke, na zilitoka vipande 16,000 na ushee tu. Upande mmoja ina tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima ambayo wengi husema ni Kilimanjaro. Nilizungumza vizuri, kwa utaratibu, na tarehe zake. Katika yote hayo wao walisikia neno moja.

Walikwenda kuchimba usiku. Na kwa kuwa chini ni lava, mtaimbo ukapinda, na asubuhi nilikuta shimo la kimo cha ndama na mpini wa sepetu uliovunjika. Lakini lililoniuma ni kopo. Walilikuta. Walilifungua, wakaona daftari na penseli, wakalifunga vizuri na kuliweka juu ya jiwe pembeni, lisiwazuie kuchimba. Chombo ambacho mtu wa Hamburg angepanda ndege kukitafuta, watu wangu walikishika mkononi wakaona kinawachelewesha.

Nimelirudisha kwenye ufa wa kushoto. Naenda kulikagua kila nikipata magoti, na mpwa wangu hupiga simu kuuliza kama kuna waliosaini. Wapo. Hakuna hata mmoja aliyetoka nje ya tarafa hii, lakini wapo.

Ukurasa wa kwanza wamejaa wale watoto wachungaji. Wamegeuza daftari kuwa la mahudhurio, wanasaini kila siku na saa ya kufika, na mmoja ameandikwa mtoro na wenzake. Nilisahihisha herufi kubwa kwa kalamu nyekundu, mkono haukuweza kupita hivihivi. Kisha kuna aliyeandika, "Nimefika, nimechoka." Kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne, anaomba kazi yoyote mgodini au Ujerumani. Kuna mtu mwenye mwandiko wa ofisini ameuliza barabara ya huku itachongwa lini, akaweka tarehe na sahihi kama anayetegemea kujibiwa kwa maandishi. Mama wa mihogo ameandika kwa ufupi kwamba aliyepita shambani kwake anajijua. Penseli haipo. Aliyeichukua ameacha punje tatu za mahindi, na kwa bei ya sasa siwezi kusema kwamba ameniibia.

Ukurasa unaofuata ndio umenifanya niliheshimu kopo hili kidogo. Umeandikwa hivi: amepotea ng'ombe jike, mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika, sikio la kulia lina alama, atakayemwona aandike hapa. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Nimemwona Jumanne bondeni, anaelekea Kenya." Na chini ya hapo mwenye ng'ombe amerudi kuuliza: "Kwa miguu yake au anaswagwa?"

Hapo mistari imeisha, hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo wewe mchezaji utakayekuja, karibu. Saini kwanza kitabu cha mtendaji, ana kinyongo. Mihogo izunguke. Njoo na penseli yako na uondoke ukiwa umeiacha. Volkano usiitafute sana, umeikanyaga. Na kama njiani ulikutana na ng'ombe huyo mwekundu, tafadhali geuza ukurasa, ujibu lile swali kabla hujaandika jina lako.